Damu ya Ambakisye

Isongole, Ileje
9 Februari 2025

Mpwa wangu Alinanuswe,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, ila barua inachelewa njiani, kwa hiyo shikamoo yako naipokea mapema. Mimi mzima. Pumzi ninayo ya kupuliza tarumbeta kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuomba maji. Mama yako Agnes magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na mibuni imebeba mpaka matawi yanainama. Bendi ya kanisa tunajiandaa na Pasaka. Mwaka huu nataka alfajiri ile ya Pasaka tunapopuliza makaburini Wamalawi wa ng'ambo ya mto waamke wenyewe bila saa.

Nsajigwa mumeo hajambo? Mwambie mjomba anauliza mjukuu kapanda basi gani, maana tangu harusi yenu tunamsubiri stendi. Natania, lakini jibu nalitaka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo. Simu yangu ni ya kijiji kizima, mwanangu. Ujumbe ukiingia, anayeusoma kwanza ni yeyote aliyekaa karibu na chaja, tena anausoma kwa sauti. Neno hili sitaki lisomwe kwa sauti.

Ni kuhusu kaka yako, somo yangu Amba, na mkewe Gwantwa. Miaka saba sasa na hakuna mtoto. Gwantwa amepimwa, akapewa dawa, akapimwa tena, na mpaka leo hakuna kitu. Baba yenu mkubwa Mbonile na mama yako wameamua kwamba kahawa ikishachumwa, Gwantwa arudishwe kwao Kafule. Unaijua desturi ya nyumba yetu. Mke akirudishwa, mjomba wa mume ndiye anayetangulia, anabisha mlango wa wakwe, mwanamke anafuata nyuma yake. Mimi mwenyewe mjomba wangu alinitangulia mara mbili. Sasa ni zamu yangu, na ninaiweza.

Ninachotaka kwako ni neno moja. Wewe ndiye msomi wetu, tena msomi wa mambo hayohayo ya uzazi. Andika ukurasa mmoja useme kwamba wataalamu wanaona ni sawa, Mbonile ausome kikaoni, tumalize bila kelele. Gwantwa ni binti mzuri na sitaki apigiwe kelele.

Mjomba wako,
Ambakisye


Dar es Salaam
2 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo nyingine, hata kama ile ya kwanza ulishajipokelea. Sisi huku tunapikwa na joto, ila wazima. Nsajigwa anakusalimu. Anasema ukija Dar uache tarumbeta nyumbani, jirani zetu ni watu wa hasira. Pole kwa mama na magoti yake, nimemtumia dawa ya kuchua.

Ukurasa ulioniomba siuandiki. Mjomba, Amba amewahi kupimwa? Wewe umenieleza vipimo vya Gwantwa tu. Kabla hujanijibu kwamba Amba anabeba gunia la kahawa peke yake na anaimba besi mpaka vioo vya kanisa vinalia, ngoja nikueleze kazi ninayoifanya hapa, maana mnaisifia tu na hamjawahi kuniuliza ni nini.

Naangalia korodani za panya. Cheka, kisha endelea kusoma. Kila seli ya mwili ina nyuzi za urithi, zinaitwa kromosomu, nazo ziko mbilimbili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Mbegu ya kiume inapotengenezwa, kila uzi unamtafuta mwenzake, unalala naye ubavu kwa ubavu, wanalinganishwa na kubadilishana vipande, ndipo wanagawanyika. Lakini mwanamume ana nyuzi mbili zisizolingana. Ule wa X ni mrefu, ule wa Y ni mfupi. Zinashikana kwenye ncha tu, na sehemu iliyobaki haina mwenzake. Hapo seli inafanya jambo ambalo mpaka leo nikiliona kwenye hadubini nafurahi kama mtoto. Sehemu zile zisizo na wenzao inazikunja, inazisukuma pembeni kwenye kijichumba chao, na kuzinyamazisha. Maagizo yake yote yanazimwa mpaka kazi iishe. Iko hivyo kwa panya, kwa fahali, kwa mbwa na kwa sisi.

Kimya hicho lazima kiwepo. X na Y wakiachwa waseme wakati ule, seli inakufa. Na kuna ubaya wa pili. Uzi mwingine wowote ukikosa mwenzake, nao unanyamazishwa, hata kama maagizo yake yalihitajika sana. Seli inakufa tena, na mbegu haipatikani. Mwanamume huyo utamwona ana ndevu, ana nguvu, ana sauti nzito, kitandani hana shida yoyote. Hana mbegu tu. Nyuzi zikiwa zimekaa vibaya, damu ya mkononi inaonyesha, maana kila seli ya mwili inazo.

Kwa hiyo pamoja na barua hii nimepakia kwenye basi la Tunduma kiboksi cheupe kinachotunza ubaridi. Ndani kuna chupa tupu ya kuwekea damu, yenye kifuniko cha kijani, nimeshaiandika jina: Ambakisye. Mweleze Amba, akikubali aende zahanati atolewe damu, kisha kiboksi kirudi na basi la siku hiyohiyo. Akikubali, mjomba. Asipokubali, nirudishie chupa tupu. Na usimtangulie mtu mlangoni mpaka nikuandikie.

Mpwa wako,
Alinanuswe


Isongole
23 Machi 2025

Mpwa wangu,

Loh! Korodani za panya! Shule yote ile, ada yote ile, kumbe tulikupeleka kwa panya. Nimemweleza mchungaji kwamba unafanya utafiti wa wanyama wadogo, tukaishia hapo.

Huku hatujambo. Mama yako dawa imefika, anachua na kulalamika kwa wakati mmoja. Mazoezi ya Pasaka yanaendelea, na hicho kimya chako, mwanangu, mimi nimekielewa kuliko unavyodhani. Bendi yangu inakaa mabenchi, kila benchi watu wawili na kitabu kimoja. Ninawafundisha wakiwa wawiliwawili, mmoja akikosea mwenzake anamrudisha. Asiye na mwenzake siku hiyo namwambia weka tarumbeta magotini, nyamaza. Ananuna, lakini nikimwacha apulize peke yake anaharibu wimbo wote. Kumbe Mungu naye ana mazoezi ya bendi ndani ya mwanamume. Nimefurahi sana.

Ila kwetu hamna tatizo hilo, nakuhakikishia. Baba yangu alizaa, babu alizaa, damu yetu ni safi kama maji ya chemchemi ya Sange. Utaiona mwenyewe.

Kiboksi kilifika. Damu imetoka. Fanueli wa zahanati aliutafuta mshipa mpaka nikamwuliza kama amepoteza shilingi humo ndani. Sasa hivi iko kwenye basi, nimemkabidhi kondakta mkononi na kumtishia kidogo. Amba usiniulize alisemaje. Chupa ilitaka damu ya Ambakisye, damu ya Ambakisye imepatikana.

Habari ya mjukuu hukunijibu. Niliona ulivyoruka kijito.

Mjomba wako,
Ambakisye


Dar es Salaam
11 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nilisikia video ya Pasaka iliyorushwa kwenye kundi la ukoo. Sikuona sura ya mtu kwa sababu ya ukungu, lakini tarumbeta yako niliitambua, nikalia jikoni hapa, Nsajigwa akadhani nimekatwa na kisu.

Sasa kaa chini. Majibu yametoka, na nina hakika nayo. Nimeangalia mimi, ameangalia Conjesta, fundi wetu mkuu wa maabara, tukarudia tena seli nyingine.

Katika damu ile uzi wa X umekatika. Uzi mwingine, tunaouita wa nane, nao umekatika. Vipande vimebadilishana, cha X kimeungwa kwenye wa nane na cha wa nane kimeungwa kwenye X. Hakuna kilichopotea, ndiyo maana mwenye damu hiyo ni mzima kabisa. Tatizo linakuja mahali pamoja tu, pale mbegu inapotengenezwa. Unakumbuka kijichumba cha kimya? Sasa X anaingia mle akiwa amebeba kipande cha mwingine mgongoni, na kipande hicho kinanyamazishwa naye wakati kazi yake inahitajika. Na kipande cha X kilichobaki nje kinaweza kupiga kelele wakati kilipaswa kunyamaza. Kwa namna zote mbili seli inakufa. Mwanamume wa namna hii hapati mbegu, na hakuna dawa wala mizizi ya kubadilisha hilo. Mkewe hata apimwe mara ngapi, hatakutwa na kosa.

Jambo la pili. Uzi huu wa X mwanamume anaupata kwa mama yake. Wanawake wanaubeba na wengi wao wanazaa, maana seli za yai hazina kile kijichumba. Mimba nyingine zinaharibika, nyingine zinafika. Kwa hiyo haukutoka kwa akina Mbonile. Umetoka kwa mama, na kwa bibi kabla yake.

Nitamwambia Amba mwenyewe, ana kwa ana, nikipata likizo. Mpaka hapo usimwambie mtu, hata mama. Na Gwantwa asiguswe. Nasema hivyo nikiwa na haki ya kusema.

Niandikie haraka. Najua hili ni zito.

Alinanuswe


Dar es Salaam
29 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu Machi. Mama anasema uko mzima, unachuma kahawa, unakula, ila hujagusa tarumbeta tangu katikati ya Mei. Mjomba Ambakisye bila tarumbeta! Nikaanza kufikiri.

Wiki iliyopita Conjesta aliniita kwenye hadubini akaniuliza, "Huyu kaka yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia thelathini na nne. Akasema, "Haiwezekani." Akanionyesha. Katika seli kadhaa za damu ile, uzi wa Y haupo kabisa. Umepotea. Hilo linawapata wanaume wazee, hasa waliovuta sigara miaka mingi, haliumi na wala hawajui. Kijana wa thelathini na nne hatumkuti hivyo. Mimi niliziona seli hizo mwezi Mei nikadhani ni uchafu wa kazi, nikazipita. Nilikuwa na haraka ya kujua.

Amba hajawahi kuvuta sigara. Ninayemjua aliyevuta mpaka siku alipokabidhiwa bendi ni mmoja, na jina lake ni lilelile nililoliandika kwenye chupa.

Nimekasirika, mjomba. Nimekasirika sana. Ningemwambia kaka yangu habari ya mwili wa mtu mwingine, na angenisadiki kwa sababu mimi ni msomi wenu. Damu ya mtu haiazimwi. Ukishamaliza kusoma hasira yangu, rudi usome tena barua ya Mei, kwa sababu naona niliituma kwa mtu nikidhani naongea habari za mwingine, na sikukupa pole hata moja.

Pole, mjomba wangu. Pole sana. Niandikie chochote, hata tusi.

Alinanuswe


Isongole
20 Julai 2025

Alinanuswe,

Marahaba. Mimi mzima. Mama yako mzima. Kahawa nyekundu imekubali mwaka huu, mikono yetu imechanika.

Ndiyo, damu ni yangu. Amba nilimpelekea chupa, akaiangalia, akasema, "Mjomba, hata wewe?" Akaondoka zake na jembe. Nilisimama pale na kiboksi kama mwuza aiskrimu. Nikafikiri, jina ni langu, damu yetu ni moja, mimi ndiye niliyempa jina huyu mtoto, basi yangu itasema kwa niaba yake. Na itasema vizuri. Hilo ndilo lililonipeleka zahanati nikitembea kifua mbele. Nilitaka kukunyamazisha wewe, mwanangu. Umenikasirikia, ni sawa. Mimi mwenyewe ningekutandika.

Barua yako ya Mei niliisoma chini ya mibuni, nikaisoma tena, na ile ya Juni ilipokuja nilishamaliza kujua.

Mwaka juzi, sokoni Tunduma, upande wa kwenye malori ya Wazambia, mwanamke aliniamkia. Nilikuwa nanunua kamba. Alikuwa Tusekile, yule mke wangu wa kwanza. Ameolewa huko Momba na Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi, Bugalama. Nyuma yake walikuwepo vijana wawili warefu wamebeba magunia na msichana mwenye mtoto mgongoni, na wote wana uso wake. Akasema, "Waamkieni babu." Wakaniamkia. Nikawanunulia soda, nikarudi nyumbani, na sikumwambia mtu yeyote. Siku ile sikutaka kufikiri zaidi ya soda. Na hapa nisiulizwe zaidi.

Pamoja na barua hii kuna kiboksi. Ndani kuna chupa, na safari hii ni ya Amba. Nilimfuata shambani. Nikakunja shati, nikamwonyesha mahali Fanueli aliponichoma, nikamwambia, "Ilikuwa yangu, na imekutwa hivi na hivi. Ya kwako siijui. Ukitaka kujua, njia ni ile." Aliendelea kuchuma mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema, "Twende wote." Tulikwenda wote. Majibu mpelekee yeye. Mimi sitaki kuyaona.

Kikao kimepangwa Jumamosi ya tarehe sita Septemba. Mbonile ameshatuma ujumbe Kafule kwamba wajiandae kumpokea binti yao. Nimewaomba wasubiri, wakaniuliza nasubiri nini. Gwantwa jana ameniletea chakula akasema, "Mjomba, utakaponitangulia, usiende haraka, nina begi zito." Alikuwa anacheka. Sijala chakula kile.

Ambakisye


Dar es Salaam
24 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maabara, na Conjesta aliniletea maji bila kuuliza. Nsajigwa mzima. Huku kumepoa kidogo, tunalala.

Majibu ya Amba yametoka. Nimeyaandika kwenye bahasha yake, nimeifunga, jina lake juu, nawe nakuomba umpe mkononi tu. Kilichomo sikuambii hata ukiniuliza kwa tarumbeta. Kusema au kunyamaza ni kwake.

Ninachoweza kukuambia ni changu. Ulikuwa unauliza mjukuu kapanda basi gani, na mimi naruka kijito kila mara. Walipanda, mjomba. Wawili. Hawakufika. Mmoja mwaka juzi na mwingine Novemba iliyopita, kabla tu hujaanza kuniandikia. Sikumwambia mama. Nilikuwa naingia kazini, naangalia seli za panya zikifa kwenye hatua ileile kila siku, na sikuwahi hata siku moja kunyoosha mkono wangu mwenyewe. Niliweza kuwaagiza nyinyi chupa kwa basi, yangu nikaiacha kabatini.

Nimejipima mwezi huu. X yangu moja ina kipande cha wa nane, kama yako. Hakuna tofauti hata kidogo, Conjesta aliziweka picha zetu pamoja na kusema hizi ni za mkono mmoja. Kwangu mimi maana yake ni kwamba mimba nyingine zitapotea na nyingine zinaweza kufika salama, na sasa najua ninachopambana nacho. Siogopi. Nimemwambia Nsajigwa, akasema basi tutaendelea kukaa stendi.

Nimekuwekea humu picha ya nyuzi zako, ni mali yako. Zimepangwa mbilimbili kama mabenchi ya bendi yako. Utaziona mbili zisizolingana, nimezizungushia kalamu nyekundu. Itumie unavyotaka au ichome moto. Kikao ni chenu. Mimi nimeshasema neno langu: Gwantwa hana kosa, na najua kwamba hana.

Wako,
Alinanuswe


Isongole
14 Septemba 2025

Mwanangu Alinanuswe,

Marahaba, na pole. Pole kwa wale wawili. Nimewaombea kwa majina, maana nimewapa majina bila kukuuliza. Siku ukitaka nitakuambia. Utani wa basi nimeuzika. Mama yako magoti yamepungua. Kahawa imepokelewa. Mimi mzima, na tarumbeta nimeishika tena juzi, midomo ikavimba kama ya mwanafunzi.

Sasa sikia.

Tulikaa sebuleni kwa mama yako. Mbonile alikuwa kiti cha mbele, wazee wa pande zote, wanawake ukutani, mimi kwenye benchi la mlangoni peke yangu, kama inavyotakiwa kwa anayetangulia. Begi la Gwantwa lilikuwa limeshafungwa liko miguuni pangu. Mchungaji akaomba. Mbonile akasema, "Mjomba, simama, tuanze safari."

Nikasimama. Nikatoa mfukoni ile picha uliyonitumia, nikaiinua juu. Nikawaambia, "Hii ni damu yangu, Ambakisye mkubwa. Imepimwa Dar na mtoto wenu. Mimi sina mbegu. Sikuwahi kuwa nayo, na sikuwa naijua habari hiyo. Tusekile, mliyemrudisha kwa ajili yangu, hakuwa na kosa. Aliyemfuata hakuwa na kosa, na amekufa akidhani analo. Sasa mnaniambia nimtangulie mwingine. Sitangulii mtu." Nikakaa. Sauti, mwanangu, sauti ilitoka mpaka barabarani.

Mama yako alishika kichwa. Kisha Mbonile, unamjua, akakohoa akasema, "Tumekusikia, mjomba, na pole. Lakini hayo ni ya kwako. Tumekuja kwa habari ya Amba."

Na kweli. Mimi ya Amba siyajui mpaka leo. Bahasha nilimpa mkononi, akaenda nayo shambani. Ningesema nini pale? Hiyo ndiyo dakika niliyoogopa kuliko zote maishani, maana niliona mtoto wa watu anainuka kufuata begi lake.

Amba akainuka kabla yake. Alitoka kwenye kiti chake karibu na Mbonile, akapita katikati ya watu wote, akaja mlangoni, akaketi kwenye benchi langu. Bega kwa bega, Alinanuswe. Alichukua ile picha mkononi mwangu akaishika yeye. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena.

Maisha yangu yote nimewaambia watu wasio na wenzao wanyamaze. Na mimi nimenyamaza hivyohivyo, tarumbeta magotini, nikidhani niko peke yangu katika ukoo mzima. Kumbe benchi lilikuwa na nafasi. Nililia mbele ya watu, na sikuona aibu.

Mbonile alibaki kumwuliza Gwantwa anataka nini, kwa kuwa sasa hakuna mwenye haki ya kumrudisha, ila mwenyewe ana haki ya kuondoka. Gwantwa akasema, "Nilipoolewa niliolewa na Amba. Watoto hawakuwepo kwenye ndoa ile." Akaja akachukua begi lake miguuni pangu, akalirudisha ndani. Alipoliinua aliniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe halikuwa zito sana." Wamesema watalea. Kuna mtoto wa marehemu binamu yake huko Mbozi, wanazungumza. Hilo ni lao.

Lakini Kafule walikuwa wanasubiri, na ujumbe wa namna ile hautenguliwi kwa simu. Kwa hiyo Jumatatu nilivaa koti, nikapanda pikipiki, nikaenda. Nikabisha mlango. Baba yake Gwantwa akafungua, mzee kama mimi, amevaa shati la kupokelea msiba. Hakunitazama usoni. Alitazama nyuma yangu, akimtafuta binti yake. Akatazama tena mpaka barabarani. Nikamwambia, "Usitafute, mkwe. Nimekuja peke yangu." Alinielewa palepale, akanishika mikono yote miwili, akamwita mkewe kwa sauti. Tulikula kuku. Nilikula sana.

Jumatano napanda gari la Tunduma, niunganishe la Momba. Nimeuliza nyumba ya Bugalama iko wapi, nimeelekezwa. Koti limefuliwa. Tusekile akifungua, sijui kama ataniruhusu niseme au atanifungia mlango, na akinifungia ana haki. Nitabisha hata hivyo. Picha ninayo mfukoni, Amba amenirudishia.

Amesema tutakwenda wote.

Mjomba wako,
Ambakisye